MWENZETU ALIYEPOTEWA NA MANENO HAJAPOTEWA NA AKILI



Mara nyingine mwenzetu hurudishwa nyumbani kutoka hospitali ya Bujumbura baada ya kupatwa na kiharusi au kuumia kichwa, naye huja na karatasi ya daktari. Ndani ya karatasi hiyo mna neno la Kifaransa ambalo watu wa nyumbani hawalijui. Kwa Kiswahili twaweza kulitamka ortofonia. Wako wanaodhani ni jina la dawa, wakazunguka na karatasi famasi moja hadi nyingine. Wako wanaoikunja na kuiweka chini ya godoro. Basi katika kurasa hizi twataka neno hilo lieleweke, kwa wakata chikichi wa Rumonge, kwa wenzetu wa viwanda vya mafuta na sabuni, na kwa wavuvi wa Minago, Kigwena na Nyanza-Lac.

Ortofonia ni tiba ya usemi na ya kumeza. Anayeifanya huitwa ortofonisti, yaani mtaalamu wa tiba ya usemi. Hapigi sindano wala hapasui. Mmemwona mtu wa kine akimfundisha aliyevunjika mguu kusimama na kupiga hatua tena. Ortofonisti hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila kwa mdomo, ulimi, koo na maneno yenyewe.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini kusema na kumeza vipewe mtaalamu mmoja? Sababu yake ni kwamba vyombo ni vile vile. Midomo, ulimi, mashavu, kaakaa na koo, vyote hutumika kutamka neno na vyote hutumika kupeleka tonge. Mtu aliyepooza upande mmoja wa uso huonekana mara moja katika mambo hayo mawili: maneno yake yanakuwa mazito, na mate au uji humtiririka pembeni mwa mdomo.

TUANZE NA KUMEZA, MAANA KUNAUA

Watu wengi huhuzunika kwa sababu mgonjwa hasemi. Ni kweli, jambo hilo lasikitisha. Lakini lililo hatari zaidi katika siku za kwanza ni chakula na maji.

Koo ni njia panda. Mbele limo bomba la pumzi liendalo mapafuni. Nyuma yake umo umio, njia ya chakula iendayo tumboni. Unapomeza, pumzi husimama kwa kitambo kidogo sana, fundo la koo hupanda juu, na kifuniko kidogo hulala juu ya bomba la pumzi ili tonge lipite nyuma salama. Wengine hukiita kifuniko hicho kidakatonge. Weka kidole chako kwenye fundo la koo sasa hivi, umeze mate: utalisikia likipanda na kushuka. Kazi hiyo ya dakika chini ya moja, tena chini ya sekunde mbili tatu, huitaji misuli ipatayo 30 ivute kwa zamu yake, na ubongo ndio unaotoa amri.

Kiharusi kikipiga sehemu ya ubongo inayotoa amri hizo, zamu zinavurugika. Kifuniko kinachelewa. Maji yanatangulia kabla mlango haujafungwa, yakaingia mapafuni. Kiasi cha nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo. Mapafu yakishaingiwa na chakula, maji au mate machafu, huja homa ya mapafu, na wengi waliookoka kiharusi chenyewe huuawa na homa hiyo. Nyumbani husemwa kwamba alirogwa mara ya pili.

Hapa pana desturi moja ambayo haina budi kuachwa. Mtu akianguka ghafula kazini, mdomo ukaenda upande, wenzake hukimbia kumletea maji, au maji ya sukari, au dawa ya miti, wakamfungua meno na kummiminia. Nia yao ni njema, lakini wanammiminia mapafuni. Mtu aliyepatwa na kiharusi asipewe kitu chochote kwa mdomo, hata kidonge, mpaka mganga au muuguzi aliyefundishwa ahakikishe kwamba anameza vizuri. Mlaze kwa ubavu, tazama saa uijue saa aliyoanguka, na mpelekeni hospitali bila kungoja. Saa hiyo daktari ataiuliza.

Dalili za kumeza vibaya ni hizi, nazo mtu yeyote wa nyumbani aweza kuziona. Mgonjwa anakohoa anapokunywa au baada tu ya kumeza. Sauti yake inakuwa na majimaji, kama mtu anayesukutua. Chakula kinabaki shavuni upande uliopooza. Anakula sahani ndogo kwa saa nzima, anachoka. Anakonda. Homa zinarudi rudi bila malaria kuonekana. Na kuna wengine, hawa ndio wa kuogopwa zaidi, ambao chakula huingia mapafuni wala hawakohoi, kwa sababu koo limekufa ganzi. Kutokohoa peke yake si ushahidi kwamba mambo ni mazuri.

Je, ortofonisti hufanya nini? Kwanza humtazama: je, yuko macho, anaweza kukaa, anaweza kukohoa kwa nguvu? Kisha humpa kijiko kimoja cha maji, anasikiliza sauti, anagusa koo. Halafu hujaribu kitu kizito zaidi. Kutokana na hayo huamua mgonjwa ale nini, kwa kijiko gani, amekaa namna gani. Wengine hufundishwa kuinamisha kidevu kifuani wakati wa kumeza. Wengine huambiwa wageuze kichwa upande uliopooza. Wengine huongezewa uzito katika kinywaji, kwa sababu maji matupu yanakimbia kuliko koo linavyoweza kufunga, na uji mzito unakwenda polepole. Lakini lifaalo kwa huyu laweza kumdhuru yule, ndiyo maana hatuandiki hapa kwamba kila mgonjwa ainamishe kidevu.

Yapo hata hivyo mambo yanayofaa karibu kwa wote. Mgonjwa akae wima, mgongo umeegemezwa, asilishwe akiwa amelala chali. Asilishwe akiwa anasinzia. Kijiko kiwe kidogo, na kijiko cha pili kisije kabla cha kwanza hakijamezwa. Asiulizwe habari wakati chakula kimo mdomoni. Akimaliza abaki amekaa kwa nusu saa. Na kinywa kisafishwe kila siku, asubuhi na jioni, hata kama hana meno na hata kama hali kwa mdomo, kwa kuwa uchafu wa kinywani ndio unaokwenda kuozesha mapafu.

Kuhusu chakula chetu cha huku ziwani, lipo la kusema. Ugali wa mihogo hunata, na kwa koo lililolegea ni mgumu. Ndagala wakavu hutawanyika mdomoni na kukwaruza. Wali mkavu vivyo hivyo. Supu yenye vipande ndani yake huonekana laini, kumbe ndiyo ngumu kuliko vyote, maana maji yanakwenda na njia yake na nyama na njia yake. Vinavyofaa zaidi ni vile vilivyo laini na vya namna moja: viazi au ndizi zilizopondwa na kulainishwa kwa mawese, parachichi, uji mzito usio na mabonge, maharagwe yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Mukeke akichambuliwa miiba yote na kupondwa na mchuzi mzito anafaa. Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi wa kiharusi hupata nafuu ya kumeza katika majuma ya kwanza. Kazi yetu ni kuwafikisha huko wakiwa hai.

FUNDI ALIYESEMA NENO MOJA

Sasa tuje kwenye usemi. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, kulikuwa na mgonjwa aliyekaa humo miaka 21. Jina lake Leborgne. Alikuwa mfanyakazi kama sisi, fundi wa kuchonga kalibu za miti za kushonea viatu. Alipoteza usemi, akabaki na silabi moja tu: tan. Ukimuuliza jina, tan. Ukimuuliza saa, tan, tan. Watu wa hospitali wakamwita Tan. Lakini alikuwa anaelewa mengi aliyoambiwa, na akikasirika kwa kutoeleweka aliweza kutoa hata tusi. Alipokufa Aprili 1861, daktari Paul Broca aliutazama ubongo wake, akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika. Kwa ajili ya fundi huyo dunia ilijua kwamba usemi una mahali pake katika ubongo, na kwamba mahali hapo paweza kuharibika huku mtu mwenyewe angalipo.

Kwa watu wengi mahali hapo ni upande wa kushoto wa ubongo, na upande wa kushoto ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mara nyingi mwenzetu aliyepooza mkono wa kulia ndiye anayepotewa pia na maneno. Si bahati mbaya mbili zilizokutana, wala si mkono wa mtu. Ni jeraha moja.

Hali hiyo ya kupotewa na maneno huitwa afasia. Yapasa itofautishwe na ulimi mzito. Mwenye ulimi mzito ana maneno yote kichwani, anajua anachotaka kusema, ila misuli imelegea na matamshi hayatoki sawasawa. Ukimpa kalamu, kama alisoma, ataandika. Mwenye afasia, kalamu haimsaidii sana, maana neno lenyewe ndilo asilolipata. Ni kama ghala lililojaa mali lakini funguo zimechanganyika. Anataka kusema kisu, anasema kijiko. Anataka kusema mke wangu, anasema mama. Wengine husema maneno mengi yanayotiririka bila maana, wala wao wenyewe hawajui kwamba hayana maana. Hao ndio wanaoitwa wendawazimu mtaani.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu asiyeweza kuomba maji aweza kuhesabu moja mpaka kumi, kuimba wimbo wa kanisani tangu mwanzo hadi mwisho, au kusoma Fatiha pamoja na wenzake msikitini. Jamaa hukasirika: «Mbona kusali anaweza, kuongea nasi hataki?» Si kwamba hataki. Maneno yaliyozoewa kwa miaka mingi yanakwenda kwa njia nyingine, kama gari linaloteremka mlima bila injini. Kutunga neno jipya ni kupanda mlima.

Niwaeleze jambo nililoliona kwa macho, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Miaka michache iliyopita niliitwa kumsindikiza mwenzetu ofisini kwa mwajiri mmoja ambaye sitamtaja. Mwenzetu alikuwa mtu wa mashine, miaka ya hamsini na kitu, amepatwa na kiharusi miezi mitatu nyuma. Karatasi ilikuwa tayari mezani. Akaulizwa: «Mzee, unakubali kuacha kazi kwa hiari yako?» Akajibu: «Ndiyo.» Akaulizwa tena mbele yangu, akajibu tena ndiyo. Kidau cha wino wa kuwekea kidole kikasogezwa.

Nikaomba niulize mimi. «Mzee wangu, wewe ndiye mwenye kampuni hii?» Akajibu: «Ndiyo.» «Una wake kumi na wawili?» «Ndiyo.» Na huku anasema ndiyo, kichwa chake kinatikisika kukataa na machozi yanamtoka. Ndiyo lilikuwa neno lake, kama tan lilivyokuwa neno la fundi yule wa Paris. Yule bwana wa ofisi, nisimseme vibaya, alinyamaza kabisa, kisha akaifunga faili. Karatasi haikuwekwa kidole. Baada ya miezi saba mwenzetu alirudi kazini, kuchambua chikichi kutoka mashada, kazi inayohitaji jicho na mkono mmoja mzima. Ugomvi wa mshahara wake wa miezi ile haujamalizika mpaka leo.

Kutokana na hayo twawaambia wajumbe wote wa sendika: mfanyakazi aliyepotewa na usemi asitie sahihi wala kidole kwenye karatasi yoyote kabla haijajulikana kama ndiyo yake ni ndiyo. Namna ya kujua ni rahisi. Muulize maswali kumi ambayo majibu yake mnayajua, matano ya ndiyo na matano ya hapana, yakiwa yamechanganywa. Akikosea mengi, basi jibu lake kuhusu kazi yake halina thamani, ama la kukubali ama la kukataa. Akipatia yote kwa kidole au kwa kichwa, ingawa mdomo haufuati, basi hapo mbele yenu yupo mtu anayeelewa, na yampasa mwajiri azungumze naye kwa heshima na kwa subira.

MAZOEZI YENYEWE

Mtu asiyejua akiingia mahali ortofonisti anapofanya kazi ataona kama mchezo wa watoto. Picha za vitu, vikombe, funguo, sarafu juu ya meza. Lakini kila kitu kina sababu yake. Tuseme mgonjwa ni mvuvi na anaonyeshwa picha ya mukeke. Neno halitoki. Mtaalamu hamwambii jina. Anauliza: anaishi wapi? Anavuliwa usiku au mchana? Tunamla na nini? Kila jibu, hata la ishara, linaamsha maneno jirani, na maneno jirani yanaliamsha neno lililolala. Kama bado, anampa mwanzo wake: «Mu...» Mara nyingi hapo neno linatoka lote, na mgonjwa mwenyewe anashtuka. Kesho yake msaada unapunguzwa kidogo. Keshokutwa tena.

Mwingine, ambaye maneno hayarudi, hufundishwa njia nyingine: ishara za mkono, kuchora, au kitabu cha picha. Kitabu hicho si kitu cha ghali. Daftari la shule linatosha. Chora au bandika picha za maji, chakula, choo, maumivu, joto na baridi, nyuso za watoto na mke, nyumba ya ibada, ziwa, mahali pa kazi. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole. Kuna watu wanaokataa daftari wakisema litamfanya awe mvivu wa kusema. Maoni hayo si sahihi. Anayeeleweka hapati hasira, na asiye na hasira hujaribu tena kusema.

Sisi wa mwambao huu tuna jambo letu la pekee, nalo ni lugha nyingi. Mtu wa Rumonge husema Kirundi na mama yake, Kiswahili sokoni na msikitini, na Kifaransa kidogo kwa bwana mkubwa. Kiharusi chaweza kuzigusa lugha zote sawasawa, na kwa wengine lugha moja hurudi mbele ya nyingine. Kwa hiyo jamaa wamweleze mtaalamu lugha ambazo mgonjwa alikuwa akitumia, na kila moja aliitumia na nani. Kumpima kwa Kifaransa mtu aliyeuza ndagala kwa Kiswahili maisha yake yote ni kumwonea.

Je, tiba hii inasaidia kweli, au ni maneno tu? Mwaka 2016 walitoa hesabu ya majaribio 57 yaliyofanywa juu ya wagonjwa 3,002 wenye afasia baada ya kiharusi. Waliopata tiba ya usemi waliendelea vizuri zaidi kuliko wasioipata, katika kuwasiliana, kusoma, kuandika na kujieleza. Mazoezi ya mara nyingi yalionekana kuleta faida kubwa zaidi, ingawa watu wengi zaidi waliyashindwa wakaacha njiani. Hatusemi kwamba kila mtu anapona akawa kama zamani. Wengi hawafiki hapo. Nafuu kubwa huja katika miezi ya kwanza, kisha mwendo unakuwa wa polepole, lakini hausimami. Wapo wanaopata maneno mapya hata baada ya miaka.

Kwa wenzake wa kazini na wa nyumbani, haya yafuatwe. Zima redio. Kaa mbele yake akuone uso. Sema sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja. Usipige kelele, maana masikio yake ni mazima. Ukiuliza swali, subiri. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kulirudia. Usimmalizie maneno isipokuwa akikuomba. Usijifanye umemwelewa kama hukumwelewa. Na msizungumze habari zake mbele yake kana kwamba hayupo, eti mzee amekwisha. Anasikia.

WATOTO

Ortofonia haikuanza kwa wazee. Huko Ufaransa mama mmoja, Suzanne Borel-Maisonny, aliianza kazi hii katika miaka ya 1920 pamoja na daktari mpasuaji Victor Veau, kwa watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Daktari alishona, naye akafundisha kusema. Mtoto wa namna hiyo maziwa humtokea puani, na hata baada ya kupasuliwa vizuri, sauti yake yaweza kubaki inapita puani mpaka afundishwe. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 10 Julai 1964 ndiyo iliyoitambua kazi ya ortofonisti kuwa taaluma.

Mtoto anayechelewa kusema, kwanza masikio yapimwe. Wengi hawasemi kwa sababu hawasikii. Hapa kwetu bado wapo wanaomchukua mtoto kwenda kukatwa kilimi ili aseme au aache kukohoa. Kilimi hakizuii usemi. Kukikata huleta damu nyingi, pepopunda na maradhi mengine, na watoto wamekufa kwa ajili hiyo. Mtoto mwenye kigugumizi asipigwe wala asichekwe, tena asiambiwe «vuta pumzi uanze upya» kila mara. Apewe nafasi amalize. Na mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa ubongo, ambaye shingo haisimami, asilishwe amelazwa chali huku pua imebanwa ili ameze uji. Huo uji unakwenda mapafuni.

Niongeze neno moja kwa wanaopika sabuni nyumbani kwa mawese. Soda kali ya sabuni ikimezwa na mtoto huunguza umio, na kovu lake huziba njia ya chakula. Shida hiyo ya kumeza haiponywi na ortofonisti. Inataka daktari mpasuaji, na mara nyingi mtoto huteseka miaka. Soda isiwekwe kamwe katika chupa ya maji wala ya limonadi. Mtoto akiimeza asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja.

WATAALAMU WAKO WAPI?

Ni wachache. Hili halifichiki. Kwa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, shule ya Lomé, nchini Togo, ilianza kufundisha ortofonia mwaka 2003. Katika Afrika ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza mwaka 2008. Kabla ya hapo aliyetaka kazi hii alikwenda ng'ambo, na wengine hawakurudi. Burundi na Uganda zimo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, sisi tukiwa tumeingia mwaka 2007. Kampala si mbali. Kutuma vijana wachache huko wakasome, kisha warudi na kuwekwa katika hospitali zetu, si mzigo unaoweza kuivunja serikali, na sendika yaweza kulidai jambo hilo kama inavyodai mengine.

Wakati tunangoja, mgonjwa wa Rumonge afanye nini? Kabla hajatoka hospitali, jamaa waulize maswali matatu kwa sauti: je, kumeza kwake kumepimwa? Ale nini na akae vipi? Ni mazoezi gani ya usemi tuyafanye nyumbani? Hata kama hakuna ortofonisti, daktari, muuguzi au mtu wa kine aweza kujibu mengi. Bujumbura ni kilomita zipatazo 75 kwa barabara ya ziwani, na nauli ya kwenda kila juma si ya mfuko wa kibarua. Ni bora kwenda mara moja mkiwa wawili, mgonjwa na yule atakayemtunza, mkajifunza mazoezi na kuyafanya nyumbani kila siku robo saa asubuhi na robo saa jioni, kuliko mgonjwa kwenda peke yake mara kumi.

Nao wajumbe wa kila kiwanda na shamba wanaombwa waangalie karatasi za ajali. INSS ina tawi la hatari za kazi, lakini tawi hilo hutazama kilichoandikwa. Mkata chikichi akianguka kutoka juu ya mti, mara nyingi huandikwa mkono uliovunjika, basi. Mkono unapona, malipo yanaisha, na mtu hawezi tena kutaja majina ya watoto wake. Kwa hiyo kila aliyeanguka au kupigwa kichwa, mjumbe aombe iandikwe pia kama alizimia, kama usemi umebadilika, kama anakohoa akinywa, na daktari aandike mwenyewe neno ortofonia ikiwa inahitajika. Nakala moja ibaki kwa mgonjwa, moja ije ofisini kwetu. Katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, pale penye kifungu cha matibabu, tutaomba mazoezi ya usemi na ya kumeza yatajwe kando ya kine, maana kisichotajwa kwa jina hukataliwa kwenye kaunta.

Wenye umri wa miaka arobaini na zaidi wapimwe presha, hata wasiosikia maumivu. Presha ya juu ndiyo sababu kubwa ya kiharusi, nayo haiumi. Kupima huchukua dakika chache. Wajumbe waandike majina ya wanaotaka kupimwa na kuyaleta ofisini, ili tuombe muuguzi aje siku moja na kifaa chake mahali pa kazi, badala ya watu kupoteza kibarua cha siku nzima.